Google Maps, Organic Maps, OsmAnd au Waze: ipi imfae dereva na bodaboda wa Mtwara na Lindi?

Kutoka Mtwara mjini kwenda Masasi kuna njia mbili. Moja inapita Mikindani hadi Mingoyo. Pale njiapanda ya Mnazi Mmoja unakata kushoto, unapita Mtama, Nyangao na Ndanda, unaingia Masasi. Yote lami. Nyingine inapanda Uwanda wa Makonde kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala, kisha inateremka kuelekea Masasi. Hiyo lami yake imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, na penye ujenzi kuna michepuko. Urefu haupishani sana, zote ni kama kilomita 200. Mwenyeji hahitaji simu imwambie apite wapi mwezi wa pili mvua zikiwa zimekolea. Lakini anayekuja na Fuso kutoka Dar kufuata korosho, au kijana wa bodaboda aliyepata abiria wa kijiji asichokijua, huyo anaitegemea simu. Na simu humjibu bila kusita hata pale isipojua.

Ndiyo maana nimeona niziweke pamoja programu nne ambazo madereva huulizana habari zake: Google Maps, Organic Maps, OsmAnd na Waze. Zote zinapatikana bure, ingawa OsmAnd ina vitu vyake vya kulipia. Msimamo wangu nausema mapema: kwa mikoa yetu hii miwili, cha kupima kwanza ni programu ipi itaendelea kukuongoza mtandao ukikatika katikati ya Nangurukuru na Liwale. Uzuri wa muonekano na wingi wa vikorombwezo vije baadaye.

Bando na GPS ni vitu viwili

Wengi bado wanaamini kwamba bando likiisha na GPS imeisha. Sivyo. Simu inapokea mawimbi ya setelaiti zilizo juu kilomita zipatazo 20,200, na kupokea huko hakulipiwi wala hakuhitaji laini. Simu ya kawaida ikiwa mahali peupe inaweza kujua ilipo kwa tofauti ya mita tano hivi. Bando linatumika kuleta ramani yenyewe, kutafuta majina na kupata hali ya foleni. Ukiwa umeshaipakua ramani, unaweza kutoka Lindi hadi Nachingwea simu ikiwa haina hata senti.

Kuna jambo moja tu la kuzingatia. Mtandao huisaidia simu kujua ilipo haraka inapowashwa. Bila mtandao, mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa. Simama mahali peupe, toka chini ya mwembe au mkorosho, subiri kile kidoti kitulie ndipo uondoke. Watu wengi huondoka kidoti kikiwa bado kinarukaruka, halafu wanailaumu programu.

Google Maps: mjini haina mpinzani

Tuanze na inayojulikana zaidi. Google Maps ilianza mwaka 2005, na mwaka 2018 Kiswahili kikaongezwa miongoni mwa lugha zake. Ukiwa Mtwara mjini unatafuta nyumba ya wageni Shangani, duka la vipuri au benki, hii ndiyo inayojua majina mengi kuliko nyingine. Wenye biashara wenyewe huyaandikisha, wateja wanaweka picha na maoni. Na kwa bodaboda kuna sababu kubwa zaidi: mteja akikwambia "nakutumia lokesheni", iwe kwa WhatsApp au kwa meseji, mara nyingi kinachokuja kinafunguka kwa Google Maps moja kwa moja.

Ina kitu kingine ninachokithamini sana, picha za setelaiti. Kabla ya safari, ukiwa bado na bando, badilisha ramani iwe ya picha kisha uvute njia unayotaka kupita. Lami inaonekana kama utepe wa kijivu. Udongo wa huko juu Newala unaonekana mwekundu. Njia ya kuelekea Msimbati na Ruvula inaonyesha weupe wa mchanga, na mchanga wa kule si wa kuchezea: gari dogo linazama, na pikipiki yenye abiria inayumba gurudumu la mbele likikosa pa kushika. Kwenye ramani ya kawaida njia hiyo ni mstari kama mistari mingine. Kwenye picha unaona unachokwenda kukutana nacho.

Udhaifu wake uko nje ya mtandao. Ni kweli unaweza kupakua eneo, ukachora mraba kuanzia Mtwara hadi Masasi na kulihifadhi. Lakini ukishakosa mtandao inakupa maelekezo ya gari tu. Ya kutembea kwa miguu hayapo, ya baiskeli hayapo, hali ya barabara haipo, na njia mbadala haikuonyeshi. Rudi kwenye ile safari ya Masasi: bila mtandao utaonyeshwa njia moja, na hutajua kwamba programu ilikuwa na nyingine mkononi. Mtu anaweza kujikuta kwenye mchepuko wa tope akidhani barabara ya kwenda Masasi ni hiyo hiyo. Tena ramani ulizohifadhi zina muda wake, usipozisasisha zinaisha. Fungua programu ukiwa na mtandao wa uhakika kila baada ya muda uzitazame.

Mtego mwingine uko kwenye majina. Mnazi Mmoja ipo Lindi, ipo Dar es Salaam, ipo Zanzibar. Magomeni ipo Mtwara na ipo Dar. Ukiandika "Kilwa" unaweza kuletewa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Kilwa Kisiwani ambako gari halifiki, au Barabara ya Kilwa iliyoko Dar. Andika jina pamoja na mkoa, na kabla ya kubonyeza kuanza safari soma kilomita. Ukiwa Mikindani ukaambiwa Magomeni iko zaidi ya kilomita 500, umechaguliwa Magomeni ya Dar.

Kwa pikipiki, Google ilianza kuweka njia zake maalumu India mwaka 2017, kisha nchi nyingine zikafuata. Alama ya pikipiki ikiwepo kwenye simu yako utaiona juu, pembeni ya alama ya gari, mara unapoomba njia. Isipokuwepo, unaongozwa kama gari, na vichochoro ambavyo wewe unapita kila siku haitakupitisha.

Organic Maps: ya kwenda nayo wilayani

Hii nisingekubali mtu aende Liwale, Ruangwa au Nanyumbu bila kuwa nayo. Inatumia ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambapo ramani inachorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kwetu Tanzania kazi hiyo si ngeni. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, iliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao ili kujua maeneo yanayofurika. Organic Maps yenyewe ilitokana na MAPS.ME, ikaondolewa matangazo na ufuatiliaji wa watumiaji.

Uzuri wake ni kwamba imetengenezwa tangu mwanzo kufanya kazi bila mtandao. Unapakua ramani mara moja, basi. Kutafuta, kupanga njia, maelekezo ya gari, ya baiskeli na ya miguu, yote yanafanyika ndani ya simu. Jina unalotafuta linatafutwa kwenye ramani ulizopakua tu, kwa hiyo jina la mahali ambapo ramani yake hukuipakua halitakusumbua. Programu ni nyepesi pia, hata simu ya kawaida ya Tecno au itel inaibeba bila kukwama.

Na kuna swichi moja ambayo kwa huku kwetu ina thamani kubwa: kuepuka barabara zisizo za lami. Ukiiwasha ukaomba njia ya Masasi, programu inajitahidi kukubakiza kwenye lami, hivyo unapata hoja ya kupitia Mingoyo bila kubishana na mtu. Ukiizima unaona njia ya Uwanda. Unalinganisha mwenyewe, bila mtandao, ukiwa umekaa kwenye kiti. Google Maps ina kuepuka ushuru, barabara kuu na vivuko, na hayo kwa dereva wa kusini si tatizo linalomkosesha usingizi. Isipokuwa vivuko: ukiwa Lindi mjini na mteja wako yuko Kitunda, ng'ambo ya maji, mstari unaokatiza juu ya bahari hauwezi kujua kama kivuko kinafanya kazi saa hiyo. Hapo uliza watu wa gatini.

Bodaboda watagundua kwamba haina sehemu ya pikipiki. Ninachopendekeza ni kuangalia njia ya gari kwanza, kisha ya baiskeli. Ya baiskeli inakubali njia nyembamba ambazo ya gari inaziruka, na mara nyingi ndizo zinazofika kijijini. Dakika inazokupa zipuuze, ni za mtu anayekanyaga. Na usiifuate usiku, kwa sababu njia nyembamba kwenye ramani inaweza kuwa ya katikati ya mashamba ya mikorosho, yenye mchanga na mashina yaliyokatwa.

Upungufu wake nao ni mkubwa. Majina ya biashara ni machache. Kijiji kilichochorwa vizuri kina hadi vichochoro, na cha jirani hakina kitu isipokuwa jina. Hali ya foleni haipo. Sauti inategemea sauti zilizomo kwenye simu yako, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague lugha, uijaribu kabla hujaondoka, usije ukasikia majina ya Nanyamba na Nangurukuru yakitamkwa kiasi cha kutotambulika.

OsmAnd na Waze

OsmAnd inatumia ramani ile ile ya OpenStreetMap, nayo hufanya kazi bila mtandao. Tofauti ni kwamba ina aina nyingi za vyombo: gari, pikipiki, lori. Kwenye lori unaweza kuandika uzito na urefu, programu ikaepuka daraja lisilobeba. Kwa dereva wa lori la korosho anayeshusha mzigo bandarini Mtwara hilo linavutia, lakini kama aliyechora daraja hakuandika kikomo chake, programu haiwezi kukijua. Macho na kibao cha pembeni mwa daraja bado vinatangulia. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani za kupakua, na menyu zake ni nyingi hadi zinachosha. Anayependa kuchimba mipangilio ataipenda. Kijana anayetaka kubonyeza mara mbili na kuondoka, abaki na Organic Maps.

Waze sitaiongelea sana. Ni nzuri kwa miji mikubwa kwa sababu madereva wanaarifiana foleni, ajali na mashimo. Nguvu yake ni wingi wa watu wanaoitumia barabara hiyo muda huo huo, na inahitaji mtandao. Kati ya Mchinga na Somanga haitakuwa na la kukwambia. Ukienda Dar, iwashe.

Simu ndani ya gari, simu kwenye pikipiki

Hapa ndipo nataka watu wa bodaboda wanisikilize zaidi, kwa sababu uchaguzi wa programu una uzito mdogo kuliko mahali simu inapokaa.

Ndani ya gari mambo ni rahisi. Unanunua kishikio cha kubana kwenye tundu la kiyoyozi au cha kunasa kwenye kioo, unachomeka chaja. Kiweke chini, kisizibe barabara. Joto letu la pwani ni kali, na simu iliyoachwa juu ya dashibodi jua la saa saba likiipiga hupunguza mwanga wenyewe au kujizima. Kwenye tundu la kiyoyozi inapata hewa. Bora zaidi, kama una utingo au abiria wa mbele, mpe yeye simu. Asome njia, wewe endesha.

Kwenye pikipiki kila kitu kinageuka. Mtetemo wa injini unapanda kwenye usukani hadi kwenye simu. Mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera za iPhone unaotuliza picha, na ikashauri kutumia kishikio chenye kupunguza mtetemo hata kwa vyombo vya injini ndogo. Pikipiki zetu ni za injini ndogo, lakini barabara zetu za makorongo zinaongeza mtetemo mwingine. Kamera ikianza kutoa picha za ukungu, angalia unapoifunga simu.

Kuna mvua, kuna vumbi, kuna mtu anayeweza kuichomoa ukisimama. Lakini kubwa kuliko yote ni macho. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo kwenye makazi ya watu, pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde tatu umepita mita zaidi ya 40 bila kuona barabara. Katika mita hizo anavuka mtoto wa shule, anatoka mbuzi, linakaa shimo. Na nyuma yako yuko mtu aliyekukabidhi uhai wake, pengine mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya Ndanda au Ligula.

Kwa hiyo kwa bodaboda mimi nachagua sikio. Utaratibu wake ni huu. Ukiwa bado kijiweni, weka mahali uendako, kisha soma njia yote kwa kidole: kona ya kwanza, njiapanda, alama kubwa kama shule au msikiti. Anzisha safari, ongeza sauti, zima kioo, tia simu mfuko wa kifuani wenye zipu. Sauti itaendelea kuongea kioo kikiwa kimezimwa, na betri itadumu zaidi kwa sababu kioo ndicho kinachokula chaji nyingi. Hedifoni weka sikio moja tu chini ya helmeti, sauti ya chini, ili honi za magari uzisikie. Ukipotea, simama pembeni, zima injini, ndipo utoe simu. Abiria anayekuja juu kwa kucheleweshwa dakika mbili mweleze kwa upole. Wengi wakielezwa huelewa.

Hapa Organic Maps ina shida moja: kwenye vijiji ambavyo barabara hazina majina, sauti inakwambia tu "pinda kulia" bila kukutajia alama. Kile ulichosoma kijiweni ndicho kitakachokuokoa.

Mvua na madaraja

Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Ramani uliyopakua wiki iliyopita haina habari ya maji yaliyoshuka leo. Yenye mtandao inaweza kujua baadaye, watu wakisharipoti. Msimu wetu wa mvua unaanza Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei, na katika miezi hiyo programu bora kuliko zote hizi ni simu ya kawaida: mpigie dereva aliye mbele yako, au mtu wa stendi ya unakokwenda, umuulize maji yamefika wapi.

Basi uchague ipi

Bodaboda wa mjini Mtwara au Lindi: Google Maps, na eneo la mkoa mzima ulihifadhi kwenye simu. Ongeza NaPA, ile programu ya serikali ya anwani za makazi, maana nyumba nyingi sasa zina namba na mitaa ina majina, na mteja akikutajia namba unaweza kuitafuta. Bodaboda wa Tandahimba, Newala, Liwale na vijijini kwa ujumla: Organic Maps iwe ya kwanza, Google ya kupokelea lokesheni. Dereva wa gari dogo anayezunguka mikoa yote miwili awe nazo zote mbili, apange njia kwa Organic Maps na kuikagua kwa picha za setelaiti za Google kabla hajaondoka. Mwenye lori ajaribu OsmAnd akiwa na subira. Kama simu yako haina nafasi ya programu mbili na unatoka nje ya lami mara kwa mara, futa picha za magrupu ya WhatsApp, uweke Organic Maps.

Jambo la mwisho la kulinganisha ni nani anaweza kurekebisha ramani ikikosea, kwa sababu huku inakosea mara nyingi. Google wanakubali urekebishaji: bonyeza mahali, pendekeza badiliko, wao wanakagua, halafu unasubiri bila kujua utajibiwa lini. Kwa Organic Maps, unafungua akaunti ya OpenStreetMap bure, unagusa ramani na kuongeza zahanati, kisima, ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au shule ya kijiji chako, na toleo lijalo la ramani linakuja nayo. Barabara haziongezwi ndani ya programu hiyo. Hizo zinachorwa kwenye tovuti ya OpenStreetMap, na kijana mwenye kompyuta ya shule au ya ofisi ya kata anaweza kujifunza kwa mchana mmoja. Anzeni na zahanati. Andikeni jina kama linavyotumika kijijini, na njia inayoingia hapo wakati wa mvua, ili anayeitwa usiku kumchukua mgonjwa apate pa kushika.